Beti Nne za Maji ya Bomba

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Hapana, nimekosea. Kumi na moja nilikuwa bado nachuna ngozi machinjioni na goti langu zima. Ni kumi na tatu, mwaka niliopewa gari la baridi, na mwaka huohuo dada yangu Telesia akaanza kazi kwenye maabara moja ya Penrose, hapa Auckland. Mke wangu Fusi anasema andika tu, nani atakuja kukukagua. Lakini mimi nataka iwe sawa, kwa sababu baadaye kila kitu kilikuja kuamuliwa na tarehe.

Telesia ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Alizaliwa kule visiwani Ha'apai kama mimi, akaja huku mtaa wa Māngere akiwa na miaka ishirini na miwili, akafua mashuka ya hospitali miaka thelathini. Mumewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja, Kalolaine. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sijapata kumwona ameegemea kiti. Nyumbani kwake ukiacha kikombe mezani, ukirudi utakuta kimeshaoshwa, hata kama chai ilikuwa bado imo.

Kwetu Watonga wa visiwani dada yuko juu ya kaka. Angekuwa mdogo wangu angekuwa juu vilevile, sembuse huyu. Siingii chumba alichokaa, simkatizi maneno, simrekebishi. Yeye anaweza kunisema mpaka masikio yawe moto, mimi nitajibu "ndiyo, dada." Nimelelewa hivyo na sikuona tabu yoyote mpaka mwaka ule.

Kazi yangu ilikuwa ya kuchukua na kupeleka. Asubuhi na mapema niko machinjioni, huko Waikato. Mioyo ya ng'ombe inapita kwenye kulabu, na fundi wa mioyo anaichuna ile ngozi nyembamba nyeupe inayouvaa moyo kama soksi. Tulikuwa tunaiita kifuko. Naweka vifuko kwenye sanduku la barafu, naandika namba ya mnyama na saa, halafu barabarani hadi Auckland. Pale maabara wanavitia dawa ya kuvikaza, wanavikata, wanavishona kwa uzi usioonekana na macho ya umri wangu, vinakuwa vali, vile vilango vya moyo wa mtu.

Vali za ngozi ya mnyama zipo siku nyingi, si wao waliozianzisha. Shida yake ni chokaa. Ukimwekea mzee, inamfaa mpaka mwisho wake. Ukimwekea kijana, damu yake ina nguvu, baada ya miaka michache ile ngozi laini inaota chokaa, inakuwa kama ganda la yai. Daktari Tregear, mama mrefu mwenye mvi aliyekuwa mkuu wa maabara, alikuwa na mwaka wa tisa akitafuta namna ya kuitengeneza ngozi isiote chokaa.

Telesia walimweka chumba cha mapokezi. Anapokea vifuko, anaondoa mafuta, anavitandaza juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, anachagua. Mama yetu alikuwa anapiga magome ya mti kutengeneza nguo ya ngatu, na Telesia alijifunza kwake kujua unene wa kitu kwa ncha ya kidole. Walileta mashine ya kupima unene ili wamkague. Mashine ikasema alichosema yeye. Tangu siku ile Daktari Tregear akimpita humwamkia kwa heshima kama mke wa mchungaji.

Mimi niliishia kwenye kidirisha. Nabisha, nasukuma sanduku, nangoja saini.

"Ngapi leo?"

"Kumi na vinne, dada."

"Barafu imeyeyuka. Ulisimama wapi?"

"Sikusimama, dada. Foleni."

"Foleni hiyo ina makombo ya mkate kwenye ndevu?"

Nikajifuta. Ndivyo tulivyokuwa.

Sasa, kulikuwa na karatasi ya taratibu, na wote wawili tuliitia saini. Ilisema kifuko kitoke kwenye barafu kiingie moja kwa moja kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, na maji matupu yasikiguse kabisa. Wiki ya kwanza tu, nikiwa nangoja saini, nikamwona Telesia anafungua bomba. Akajaza beseni, akamimina vifuko vyote humo, akaanza kuviosha kwa mikono miwili huku akiimba wimbo wa kanisani, ule wa polepole wa beti nne. Kila ubeti ukiisha anamwaga maji, anajaza mengine. Beti nne zilipokwisha, ndipo akavihamishia kwenye maji ya chumvi, kama karatasi ilivyosema.

Aliponigeukia nilikuwa nimetoa macho.

"Unatazama nini?"

"Hakuna kitu, dada."

"Hivi vinakwenda kifuani mwa mtu. Wewe mgeni akija unampikia kuku hajaoshwa?"

"Hapana, dada."

"Haya. Saini yako hii hapa. Na usikanyage maji, nimedeki."

Nikaenda zangu. Moyoni nilisema, mtu mwingine atamwambia. Hakuna mtu mwingine aliyekuja kusimama kwenye kidirisha kile.

Nisiruke habari ya Kalolaine, maana uhai wake ndio uliokuwa hatarini. Alipokuwa na miaka kumi na miwili koo lilimuuma wiki nzima, tukampa asali. Homa ikashuka kutoka kooni ikaingia moyoni, kama inavyowapata watoto wengi wa mtaani kwetu. Akiwa na kumi na tisa wakamwekea vali ya nguruwe. Mwaka ninaousimulia alikuwa na ishirini na saba, na vali ile imeshaota chokaa. Alikuwa akipanda ngazi tano anasimama kwenye ya tatu, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Usiku alilala amekaa, kwa mito mitatu.

Walimwambia iko vali ya chuma, itadumu maisha yake yote. Lakini vali hiyo inataka vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi kila siku, na vidonge hivyo ni hatari kwa mimba. Kalolaine na mumewe walikuwa wanataka mtoto. Mimba moja ilikuwa imeshatoka.

Basi hospitali ikaandika majina ya watu kumi na wawili, vijana wote, watakaowekewa vali mpya za Daktari Tregear kwa mara ya kwanza. Kalolaine alikuwa wa tisa. Lilibaki jambo moja. Vali zile zilikuwa zimewekwa kwanza ndani ya kondoo wachanga wanane, kwa sababu kondoo mchanga huota chokaa upesi kuliko mtu. Wangekaa nazo miezi mitano, wafunguliwe, zitazamwe. Zikiwa laini, watu wanaanza mwezi wa sita. Daktari wa moyo alimwambia Telesia waziwazi kwamba mwezi wa sita Kalolaine atafika, lakini Krismasi hafiki na vali ile ya zamani.

Kondoo walifunguliwa mwezi wa nne, mwaka uliofuata. Siku ya pili yake nikafika na sanduku, nikakuta watu wamesimama kwenye korido hawasemi. Baadhi ya vali zilikuwa laini kama siku zilipotoka, na baadhi zilikuwa mawe. Ngapi laini, ngapi mawe, hatukuambiwa. Alikuwa ameletwa mkaguzi kutoka nje, kijana mwenye tai na sanduku la mafaili, naye ndiye aliyekataza tusiambiwe, ili mtu asijibu kwa kufuata anachotaka kusikia. Kila mfanyakazi alipewa karatasi yenye safu mbili za tarehe za kupokea vifuko, moja ya vali laini na moja ya mawe bila kutajwa ipi ni ipi, akaulizwa: ni nini ulichokifanya tofauti?

Na mimi nilipewa, kwa sababu ya gari. Nikakaa kwenye usukani na daftari langu la safari, nikalinganisha. Haikunichukua muda. Safu ya pili yote iliangukia wiki sita za mwaka uliotangulia ambazo Telesia alikuwa Ha'apai kwenye msiba wa shangazi. Msichana wa Papatoetoe aliyemshikia nafasi alifuata karatasi neno kwa neno, mtoto mwenye adabu, hakugusa bomba. Safu ya kwanza yote ilikuwa ya Telesia.

Tofauti ni maji. Na kama mtu yeyote ambaye angekuwa mahali pangu, nikaona aliyevunja sheria ndiye aliyeharibu. Vali za dada yangu ndizo zilizokuwa mawe.

Kulikuwa na habari nyingine ikizunguka jikoni maabara. Wengine walisema kondoo watatu walitoka shamba jingine, walikula majani mengine, pengine ndiyo sababu. Ikiwa wafanyakazi wote watajibu kwamba hakuna kilichobadilika, mkaguzi ataandika ni majani, na mwezi wa sita watu wataanza. Yaani Telesia akinyamaza, mwanawe anapata vali. Akisema, kila kitu kinasimama. Lakini akinyamaza, vali hizohizo zilizoguswa na maji yaliyokatazwa ndizo zinakwenda kwenye vifua vya watu kumi na wawili, na mmoja wao ni Kalolaine.

Mahojiano yake yalipangwa Ijumaa asubuhi.

Alhamisi jioni nilipeleka magimbi kwake. Nikakaa kwenye ngazi za nje, kama kawaida yangu, yeye yuko jikoni. Kalolaine akatoka akivuta hatua, akakaa karibu yangu, akanivua kofia akaivaa. Kwetu mtoto wa dada ana haki hiyo, anachukua chochote kwa mjomba wake na mjomba hasemi. Ameshachukua redio yangu, koti la mvua, na jogoo mmoja mzuri sana.

"Mjomba, mbona mama hali?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Ameosha sufuria ileile mara tatu." Akapumzika kidogo, akavuta pumzi. "Huko kazini kwenu mnatafuta nini?"

"Mambo ya wakubwa."

"Mimi si mkubwa? Sawa. Nataka kitu kwako, mjomba."

"Chukua viatu, ni vipya."

"Vinanuka. Nataka maneno. Unayajua, nimeona ulivyokaa. Nipe."

Hapo nilikuwa nimebanwa. Kwa upande mmoja dada, ambaye simsemi. Kwa upande wa pili mtoto wa dada, ambaye simnyimi. Nikampa. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, bomba, wimbo, tarehe, mkaguzi, mwezi wa sita, na nilimweleza nikiangalia chini kwenye saruji.

Alicheka, halafu kicheko kikamkata pumzi, akashika kifua. "Beti nne? Mama huyu! Ana bahati hakuimba ule wa beti saba." Nikasikia ndani bomba la jikoni limefungwa.

"Mama!" Kalolaine aliita bila kugeuka. "Njoo hapa dirishani."

"Nina kazi."

"Kesho utawaambia habari ya maji."

Sauti ya Telesia ikatoka dirishani, si ile ya kuita ng'ambo ya barabara. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimechukua."

Dada yangu alijua maneno yamechukuliwa wapi. Hakunitaja. "Kalolaine, ingia ndani, baridi hii."

"Tuko kumi na wawili, mama. Hao kumi na mmoja wana mama zao, na mama zao hawajui kitu."

"Mimi mama yako wewe. Sikuzaa hao kumi na mmoja."

"Na mimi unataka niwekwe jiwe jingine?"

"Usiniambie hivyo!" Kitu kilianguka kwenye sinki. "Hujui kama ni jiwe. Hakuna anayejua. Daktari amesema Krismasi hufiki. Hilo tunalijua. Nitakwenda kusema, halafu nikae hapa nikuangalie unavyohesabu ngazi?"

Kalolaine alijishika kwenye nguzo akasimama, akaingia ndani na kofia yangu. Sikusikia walichosema baada ya hapo, maana niliondoka. Haikuwa halali yangu kusikia hata hayo niliyosikia.

Ijumaa nilifika Penrose mapema kuliko siku zote, bila kusimama popote. Kidirisha kilikuwa wazi. Chumbani alikuwamo Telesia, amesimama na aproni yake nyeupe, mikono ameikunja tumboni. Mkaguzi na faili. Na Daktari Tregear. Nikashika sanduku langu sikubisha.

"Katika safu ya kwanza na ya pili, kuna jambo lolote ulilofanya tofauti?" mkaguzi akauliza.

Telesia alitazama bomba.

"Ndiyo," akasema. "Mimi naosha. Kwa maji ya bomba, kabla ya chumvi. Tangu siku ya kwanza. Karatasi imekataza, nimeisoma. Nilipokuwa msibani hakuna aliyeosha. Vali zenu zilizoharibika ni zangu. Msimuulize yule msichana, hana kosa."

Mkaguzi aliacha kuandika. Daktari Tregear akavuta kiti, akakaa.

"Rudia, Telesia. Kwa muda gani unaosha?"

"Beti nne."

"Beti?"

"Za wimbo. Na kiitikio."

"Tafadhali," Daktari alisema akivua saa mkononi, "imba."

Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, lakini sijaona kama lile. Dada yangu aliimba beti zote nne akiangalia ukuta, machozi yanaingia kwenye kola, na mama yule mwenye mvi ameshika saa. Dakika sita na sekunde arobaini.

Wimbo ulipokwisha Daktari akamtazama mkaguzi, mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akamwambia. "Telesia, vali zako ndizo zilizobaki laini. Zote tano. Zilizokuwa mawe ni zile tatu za msichana."

Alimweleza kwa nini, kadiri alivyofikiri wakati ule. Ngozi ya mnyama ina vichembe hai, na chokaa huanzia kwenye mabaki yake. Maji ya chumvi huviacha vimekaa. Maji matupu huvivimbisha vikapasuka, kisha vinasukumwa nje. Miaka tisa walikuwa wanatafuta kwenye dawa, kumbe wangetafuta kwenye beseni.

Telesia hakufurahi. Hakuonekana hata kama amesikia. Akasogea hatua moja.

"Basi mpe Kalolaine moja."

Daktari Tregear akafunika mdomo kwa mkono.

"Mpe moja," Telesia akasema tena. "Ni laini. Umesema mwenyewe."

"Siwezi. Zimetengenezwa nje ya maandishi. Kundi lote linafutwa. Lazima niandike upya, nianze na kondoo wapya. Mwaka mmoja, labda na zaidi. Telesia, nisamehe, siwezi kuiweka ndani ya mtu."

"Ningenyamaza ungemwekea."

Nikaweka sanduku kwenye kidirisha na kwa mara ya kwanza nikaondoka bila saini.

Hawakumfukuza kazi. Walimpa barua ya onyo kwa kuvunja taratibu, na wiki ileile wakamwomba aandike taratibu mpya. Barua zote mbili zilikuja ndani ya bahasha moja, Fusi aliziona.

Kalolaine alipasuliwa mwezi wa saba, hospitali ya serikali, akawekewa vali ya kawaida ya ng'ombe, ile inayoota chokaa. Wanawake walikaa chumba cha kungojea na Telesia katikati yao. Mimi nilikaa kwenye gari, kwenye maegesho, saa sita na nusu, nikitazama mlango. Kila aliyetoka na nguo za kijani nilidhani anakuja kwangu. Mwishowe akatoka Fusi anakimbia na viatu mkononi, na mtu hakimbii hivyo kupeleka habari mbaya. Miaka miwili baadaye Kalolaine alizaa mtoto wa kiume, ambaye naye ameanza kuninyang'anya kofia.

Kondoo wapya walitoka laini wote wanane. Watu kumi na wawili wakapata vali zao, za kuoshwa kwa maji matupu dakika sita na sekunde arobaini, imeandikwa hivyo, ukurasa wa nne. Kalolaine hakuwa mmoja wao. Alikuwa na vali changa, na mtu hafunguliwi kifua kwa kutaka bora zaidi. Vali yake ilipofika mwaka wa nane ilianza kukaza. Siku hizi ngazi ya tatu anatafuta tena kitu mfukoni, na daftari la hospitali lina jina lake. Safari hii, wakisema ndiyo, itakuwa ile ya beti nne. Tunangoja barua.

Dada yangu sijazungumza naye habari hii hata neno moja, na sitazungumza. Lakini nilipostaafu walinipa keki pale maabara, nikamvizia Daktari Tregear pembeni nikamuuliza jambo ambalo limenikaa tangu ile asubuhi ya sanduku. Aliweka sahani chini. Akafungua kinywa, akaangalia kile kidirisha, halafu mtu akamwita, akaenda. Nikamwandikia barua, Fusi akanisaidia herufi, hakujibu. Nimemuuliza mchungaji wetu, akanipa mkono tu. Daktari nilimuuliza hivi: kama wiki ile ya kwanza ningekuja ofisini kwako na kofia mkononi nikakwambia, daktari, dada yangu anaosha vifuko kwa maji ya bomba, ungeyaandika yale maji kwenye karatasi, au ungemkataza?